Luku inakata, hati inadai: maswali yenu kuhusu kodi za nyumba na viwanja

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma mjini, Bahi, Hombolo na Manyoni, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nifanyeje nilipe kidogo? Kabla ya kujibu mmoja mmoja, tutenganishe kodi tatu ambazo wengi mnazichanganya. Kodi ya jengo ndiyo inayokatwa kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja, na mwenye hati anadaiwa kila mwaka kuanzia 1 Julai. Kodi ya mapato ya pango inatokana na fedha unazopokea kwa wapangaji wako. Kila moja ina ofisi yake na hoja zake. Ukizirundika zote kwenye barua moja, barua hiyo itazunguka masijala mpaka wino ufifie.

Nina nyumba moja Kisasa, ya kawaida, haina ghorofa. Nimeweka mita tatu ili wapangaji wasigombane kwa umeme. Sasa kila mita inakatwa. Nyumba ni moja, kwa nini nilipe mara tatu?
*Mwenye nyumba, Kisasa*

Hupaswi kulipa mara tatu. Kodi hii inatozwa jengo. Mita ni njia ya kuikusanyia tu, tangu Agosti 2021 ilipoanza kukatwa kupitia Luku. Tangu Julai 2023 jengo la kawaida linalipa Sh 18,000 kwa mwaka, yaani Sh 1,500 kwa mwezi. Kwa mita zako tatu zinakatwa Sh 4,500 kwa mwezi, Sh 54,000 kwa mwaka. Sh 36,000 kati ya hizo si deni lako.

Kosa linaanza hivi: mfumo unaona namba ya mita, hauoni ukuta. Pasipo mtu kuuambia kwamba mita tatu ziko chini ya paa moja, unazihesabu kama nyumba tatu.

Anza na ushahidi. Mwambie kila mpangaji asifute ujumbe wa tokeni ya kwanza ya mwezi, maana makato hufanyika kwenye ununuzi huo. Usiangalie zile tarakimu 20 za tokeni peke yake. Shuka chini yake: utakuta gharama ya umeme, VAT ya asilimia 18, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, na mbali na hizo kuna kodi ya jengo au deni lililokatwa. Mstari huo wa mwisho ndio unaoutafuta. Ujumbe ukiwa umefutika, hesabu ya uniti itakusaidia. Kwa mteja wa kawaida ambaye uniti moja inamgharimu kama Sh 356 pamoja na tozo, Sh 10,000 hutoa uniti 28 na pointi. Akipata 23 na pointi kwa fedha hiyohiyo, Sh 1,500 imeshaondoka.

Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Jiji, kitengo cha mapato, na nakala kwa Meneja wa TRA (Mamlaka ya Mapato) wa mkoa na kwa ofisi ya TANESCO (shirika la umeme) inayokuhudumia. Tunasisitiza nakala kwa sababu kodi hii imehama mikono kati ya halmashauri na TRA zaidi ya mara moja, na kumbukumbu zake zimebaki vipandevipande. Ndani ya barua weka namba ya kiwanja na kitalu, namba zote tatu za mita (kila moja ina tarakimu 11), na sema waziwazi ni mita ipi unataka ibaki ikikatwa. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaandika "naomba mnipunguzie", na ofisa anayesoma hajui azime ipi aache ipi. Ambatisha nakala ya hati au mkataba wa mauziano, barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kuwa hapo pana jengo moja, picha ya nyumba kwa mbele, na picha ya mita zote zikiwa ukutani.

Omba pia kwa maandishi kwamba kilichozidi kirejeshwe au kihesabiwe kwenye miezi ijayo. Usipokiomba hakuna atakayekukumbusha. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri, mjini hapa, haijawahi kuandikwa.

Tahadhari moja: kama uani kuna nyumba nyingine kamili inayojitegemea, hilo ni jengo la pili na lina kodi yake. Usitaje "jengo moja" ukaguzi ukaja kukuta mawili.

Ndugu yangu anaishi Marekani. Ananiambia kwao ukiona kodi ya nyumba ni kubwa unaleta mthamini, unathibitisha nyumba ina thamani ndogo, kodi inashuka. Nikimlipa mthamini hapa nitafanikiwa?
*Msomaji, Njedengwa*

Weka fedha yako mfukoni. Ndugu yako anasema kweli kuhusu huko aliko, kwa sababu kodi yao inafuata thamani ya nyumba. Sisi tuliondoka huko: tangu Sheria ya Fedha ya 2018 tunalipa kiwango mfuto, yaani kilekile bila kujali thamani ya nyumba. Nyumba ya vyumba viwili Nkuhungu na nyumba ya vyumba sita yenye vigae Njedengwa, zote zikiwa hazina ghorofa, zinalipa Sh 18,000. Utasema si haki, na wapo wengi watakaokuunga mkono, lakini ripoti ya mthamini haitabadilisha hata senti. Itakufaa ukienda benki kukopa, kwenye mirathi au kwenye fidia.

Kinachobishaniwa kwetu ni ukweli wa jengo lenyewe: lipo au halipo, ni moja au mawili, lina ghorofa au halina, limejengwa kwa nini, nani anaishi humo na ana miaka mingapi. Majibu mengi yaliyobaki ukurasa huu yanazunguka hapo.

Mimi ni mpangaji. Kila mwezi nakatwa Sh 1,500 ya nyumba isiyo yangu. Mwenye nyumba anasema "mita iko kwako, malizana nayo."
*Mpangaji, Nkuhungu*

Deni ni la mwenye nyumba, wewe unamlipia tu. Tunza jumbe za tokeni, na pango likifika mpe hesabu: miezi sita ni Sh 9,000, ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Mkataba ukifika mwisho, ongezeni mstari mmoja unaosema kodi ya jengo inayokatwa kwenye mita itafidiwa kwenye pango. Kama mko wapangaji watatu na kila mmoja ana mita yake, msomee mwenye nyumba jibu la Kisasa hapo juu. Huenda yeye mwenyewe hajui kwamba nyumba yake inalipiwa mara tatu.

Nyumba yangu haina ghorofa lakini nakatwa Sh 7,500 kwa mwezi. Jirani yangu mwenye ramani ileile anakatwa 1,500.
*Msomaji, Ilazo*

Umeandikishwa kama mwenye ghorofa. Katika majiji, manispaa na miji, nyumba ya ghorofa hulipa Sh 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa, ambayo ndiyo hiyo 7,500 kwa mwezi. Kwa nyumba yako ziada ni Sh 6,000 kila mwezi, Sh 72,000 kwa mwaka, kwa hiyo usiache ipite.

Chunguza kwanza chanzo. Muulize aliyekuuzia kama mita ilihamishwa kutoka jengo jingine, na angalia jina na eneo vinavyotokea unaponunua umeme. Mita ikisoma jina la mtu usiyemjua, shughulikia hilo TANESCO kabla ya kugusa kodi. Kama jina ni lako, tatizo liko kwenye aina ya jengo. Barua iwe kama ile ya Kisasa, ila ongeza kibali cha ujenzi na ramani iliyopitishwa, halafu uombe ukaguzi. Picha zipigwe pande zote nne. Picha ya mbele tu haionyeshi kama nyuma kuna ghorofa, na ofisa ana haki ya kuuliza.

Shikamooni. Nina miaka 67, mjane, naishi Chang'ombe kwenye nyumba aliyoacha marehemu mume wangu. Nasikia wazee hatulipi. Mbona mimi nakatwa?
*Bibi wa wajukuu watano*

Marahaba hatuwezi kuitikia, mama, shikamoo. Ulichosikia ni kweli: mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 anasamehewa kwa nyumba moja ya makazi, ile anayoishi mwenyewe. Nyumba ya pili, au unayopangisha, inalipa kama kawaida. Msamaha haujileti wenyewe, lakini. Luku haijui umri wako.

Kikwazo chako kiko kwenye jina. Kama hati na mita bado vinasoma jina la marehemu, ofisi itauliza mwenye nyumba ni nani, na cheti cha ndoa peke yake hakijibu swali hilo. Njia ni hii: kikao cha ukoo kiandike muhtasari wa kukupendekeza, wewe au mtu mnayemwamini, kuwa msimamizi wa mirathi. Nendeni na muhtasari huo na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo mkafungue shauri. Mkipata barua ya usimamizi, nyumba ihamishiwe jina lako, kisha na mita ibadilishwe jina TANESCO.

Baada ya hapo maombi ni mepesi: kitambulisho cha taifa chenye tarehe ya kuzaliwa, nakala ya hati au uthibitisho mwingine wa umiliki, namba ya mita, na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema unaishi humo. Tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho ifanane na nyaraka nyingine. Mwaka ukipishana, maombi hukwama hapo hapo.

Tunajua mirathi ina mguu mzito kuliko Sh 1,500 ya mwezi. Bado fanya, mama. Nyumba isiyo na jina la aliye hai ina matatizo makubwa kuliko kodi.

Mbukwenyi. Nyumba yetu ni tembe, ya miti na udongo, juu udongo. Umeme wa REA ulipofika tukavuta. Tangu hapo tunakatwa kodi ya jengo. Tembe nayo ni jengo?
*Msomaji, Bahi*

Mbukwa. Kwa kodi hii, hapana. Sheria inaziweka kando nyumba za udongo, za nyasi na nyingine za namna hiyo zinazotumika kwa makazi, mjini na vijijini. Umeme kuingia haugeuzi udongo kuwa saruji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, aandike nyumba imejengwa kwa nini. Piga picha ya ukuta kwa karibu pale lipu ilipobanduka na miti inaonekana, na picha ya paa. Peleka halmashauri pamoja na namba ya mita. Kama pembeni ya tembe umejenga nyumba ya matofali ya saruji na imeunganishwa mita hiyohiyo, nyumba hiyo inahesabika. Iseme mwenyewe kabla hawajaikuta.

Shamba langu la zabibu Hombolo lina mita kwa ajili ya pampu ya kisima. Hakuna nyumba, ni pampu na mabomba ya matone. Nakatwa kodi ya jengo!
*Mkulima*

Hapa huna haja ya maneno mengi: pasipo jengo hakuna kodi ya jengo. Piga picha ya pampu, mita na eneo lote linaloizunguka, mtendaji wa kijiji athibitishe kuwa ni shamba, kisha omba mita iondolewe kwenye orodha. Kibanda cha mabati cha kuifunika pampu kionekane kwenye picha. Ukikificha, kitazua maswali kuliko kinavyostahili.

Nina kiwanja Ipagala. Kodi ya pango la ardhi imekuja kubwa kuliko ya wenzangu wa mtaa mmoja. Karatasi zangu ni za enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Naanzia wapi?
*Msomaji, Ipagala*

Anzia mezani kwako, na karatasi mbili: hati na ankara. Kodi ya pango la ardhi haina kiwango mfuto. Inapangwa kwa kuangalia ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo. Kwa hiyo soma mistari mitatu kwenye ankara, mmoja baada ya mwingine, na kuilinganisha na hati.

Ukubwa kwanza. Kosa la kawaida ni la tarakimu: mita za mraba 600 zikaingizwa 6,000, au ekari zikasomwa kama hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, ekari moja ni kama 4,047, kwa hiyo kosa hilo linazidisha eneo karibu mara mbili na nusu. Ukiwa na shaka na hati yenyewe, tafuta ramani ya upimaji ya kitalu chako ofisi ya ardhi.

Matumizi yanafuata. Kiwanja cha makazi kikiandikwa biashara, kodi inapanda, na hilo linaweza kuwa kosa lao au lako. Kama uliwahi kuomba kubadilisha matumizi ili ujenge fremu, ukaghairi, kumbukumbu inaweza kuwa imebaki kwenye biashara. Kinyume chake pia hutokea: hati inasema makazi, wewe umefungua nyumba ya wageni. Ukienda kulalamika katika hali hiyo unajipeleka mwenyewe.

La tatu ni miaka. Ankara kubwa mara nyingi ni malimbikizo na riba, si kodi ya mwaka huu. Omba mchanganuo wa mwaka kwa mwaka. Kisha kusanya stakabadhi zako zote, pamoja na zile za zamani. CDA ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake zikaenda halmashauri, na mikataba yake ya miaka 33 ikafunguliwa njia ya kuwa hati za miaka 99. Katika kuhama huko yapo malipo ambayo hayakufuatana na faili lake. Stakabadhi ya CDA iliyofifia itoe nakala leo. Karatasi zile hufutika, na ukibaki na karatasi nyeupe huna hoja.

Barua yako iende kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa kupitia idara ya ardhi ya jiji. Taja kosa moja moja kwa tarakimu: "hati inasema 600, ankara inasema 6,000". Usiandike kuhusu hali ngumu ya maisha kwenye barua ya kusahihisha kosa. Hayo ni maombi ya aina nyingine, na ukiyachanganya utajibiwa la pili tu.

Wakati unasubiri, lipa sehemu usiyoibishia. Kumbukumbu namba ya malipo unaweza kuiomba ofisini au kupitia *152*00# kwenye kipengele cha ardhi. Mdaiwa sugu hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko "nilikuwa nasubiri jibu la barua" bila malipo yoyote ni utetezi dhaifu. Kuhusu riba, serikali iliwahi kusamehe mwaka 2022 kwa waliolipa deni la msingi. Kuketi ukingoja msamaha mwingine ni kamari, maana riba inaendelea kukua kila mwezi.

Nina fremu (vyumba vya biashara) kumi Manyoni. TRA wamenikadiria kana kwamba zote zina wapangaji mwaka mzima, wakati nne zilikuwa tupu. Ofisa aliniambia nilipe kwanza, tutaongea baadaye.
*Mfanyabiashara*

Hii ni kodi ya mapato, na ina njia rasmi yenye saa inayokimbia. Tangu siku uliyopokea uamuzi wa makadirio una siku 30 za kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Mazungumzo ya koridoni hayasimamishi saa hiyo. Watu wengi hupoteza haki yao wakiwa kwenye "tutaongea".

Pingamizi linaambatana na malipo: theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, umekadiriwa Sh 900,000 na wewe unakubali Sh 540,000. Theluthi ni 300,000, kwa hiyo utalipa 540,000. Kama una sababu nzito ya kushindwa, unaweza kuomba kwa maandishi amana hiyo ipunguzwe au isamehewe, na maombi hayo nayo usiyacheleweshe.

Ushahidi wa fremu tupu ni mgumu kuliko unavyodhani, kwa sababu mkataba usiokuwepo hauna nakala. Hapa Luku inakuwa rafiki yako: omba TANESCO historia ya ununuzi wa umeme ya kila mita. Fremu ambayo haikununua uniti hata moja kwa miezi saba inazungumza yenyewe. Ongeza mikataba ya zile sita, taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha pango likiingia, na barua ya mtendaji. Kama mpangaji mmojawapo ni kampuni, mdai cheti cha kodi ya zuio. Anapaswa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, na bila cheti utadaiwa tena kilekile.

Usiporidhika na uamuzi wa pingamizi, unaenda Bodi ya Rufani za Kodi: taarifa ya kusudio ndani ya siku 30, rufani yenyewe ndani ya siku 45, zote zikihesabiwa tangu ulipopata uamuzi. Juu yake lipo Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Ukifika Bodi, tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa.

Kama lalamiko lako ni la huduma, mathalani faili kupotea, kuzungushwa au lugha mbaya, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST. Huko haupeleki ubishi wa kiwango kilichowekwa na sheria.

Nilifunga nyumba Miyuji miezi minane nikiwa masomoni. Niliporudi, tokeni ya kwanza ilikatwa Sh 12,000. Ni faini?
*Msomaji, Miyuji*

Si faini. Ni 1,500 mara nane. Kodi ilikuwa inajikusanya ukiwa hununui umeme. Nyumba kufungwa hakuiondolei kodi, kwa hiyo hapa hakuna cha kukatia rufani. Ukisafiri tena, acha mtu anunue tokeni ndogo kila mwezi, na umwonye kwamba kwa Sh 2,000 atapata uniti moja na kidogo, asije akadhani mita imeharibika.